Usanifu wa Lugha na Usanifu wa Nyumba: Elimu ya Ujenzi Kando ya Ziwa Mweru

Neno "sanifu" ni letu sisi walimu wa lugha, lakini si letu peke yetu. Tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930, tumelizoea katika maana ya Kiswahili kilichowekewa kanuni za tahajia na sarufi. Mjenzi naye analo. Yule abuniye jengo, akalichora na kulisimamia mpaka likasimama, huitwa msanifu majengo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi elimu ya usanifu huo ilivyopatikana katika pwani ya Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge nchini Zambia, na kwa nini mtu wa huko anayesomea shahada ya pili huku akiendelea na kazi yake anafuata desturi ya siku nyingi. Kadhalika tutaona lipi linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili.

Tuanze na zamani. Mji mkuu wa Mwata Kazembe, katika bonde la Luapula kusini ya ziwa, haukukaa mahali pamoja. Katika karne ya 19 ulihamishwa mara kwa mara, hasa mfalme alipofariki. Ilikuwa lazima nyumba zijengwe upya, na kwa hiyo elimu ya ujenzi haikuhifadhiwa katika kuta bali katika watu. Kijana aliijua miti ya nguzo kwa kwenda kuikata, na akajua kuezeka kwa kuwapokeza wakubwa nyasi. Maneno ya hekima aliyapata katika insaka, kibanda cha wazi ambamo wanaume wa Kibemba na majirani zao walikaa, wakala na kuamua mashauri. Haukuwako wakati wa kusoma uliotengwa na wakati wa kazi.

Wageni kutoka pwani ya Bahari ya Hindi walifika mapema. David Livingstone aliliona ziwa tarehe 8 Novemba 1867, na alipoingia katika mji wa Kazembe alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, upande wa kaskazini mashariki ya ziwa, na akamshinda. Habari hizo alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Tusifiche kwamba misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na watumwa. Lakini ni misafara hiyohiyo iliyoeneza lugha yetu bara, pamoja na nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele, ambayo ilifuata njia hizo hadi Tabora na Ujiji. Leo upande wa Kongo wa ziwa upo mji uitwao Kilwa, na upande wa Zambia kipo kisiwa cha jina hilo. Mwanafunzi asivichanganye na Kilwa Kisiwani, penye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe.

Mwanzo wa utawala wa Waingereza ulileta mkondo wa pili. Mwaka 1900 wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo cha Mbereshi, karibu na mji wa Kazembe. Hapo tofali la kuchoma, timazi na pimamaji viliingia katika elimu ya vijana. Waashi na maseremala walifundishwa juu ya jengo lenyewe: ukuta ulipanda, na ujuzi ukapanda pamoja nao. Baada ya hapo migodi ya Katanga ikawavuta wanaume wa Luapula. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Katika kambi za kazi huko Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya mazungumzo. Wengi waliorudi ziwani walirudi na vitu viwili pamoja, ufundi na Kiswahili cha kazini.

Je, shahada ilitoka wapi? Hata Uingereza, kwa muda mrefu msanifu alifunzwa kwa kukaa katika ofisi ya bwana wake kama mwanagenzi. Mwaka 1847 vijana wa namna hiyo mjini London, wasioridhika na mafunzo waliyopewa, waliunda chama chao, Architectural Association, wakawa wanakutana jioni baada ya kazi ili wafundishane. Chama hicho baadaye kikawa chuo chenye sifa duniani. Kwa hiyo mtu akidharau masomo ya jioni, na aikumbuke asili yake.

Kwetu Afrika Mashariki mlango ulifunguliwa Nairobi mwaka 1956, Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipoanza kufundisha. Kabla ya vyuo vyetu kukomaa, wasanifu wa kwanza wazalendo walisoma ng'ambo. David Mutiso wa Kenya alisoma Sheffield. Beda Amuli wa Tanzania, ambaye kazi yake mashuhuri ni Soko Kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alisoma Haifa nchini Israel. Dar es Salaam ikapata Chuo cha Ardhi, ambacho kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Zambia nayo ilianzisha Chuo Kikuu cha Copperbelt mwaka 1987, na usanifu majengo hufundishwa huko Kitwe.

Sasa tutazame ramani. Mtu wa Nchelenge anayekwenda Kitwe kwa njia fupi hupita Mansa, huvuka mto Luapula pale Chembe, kisha hukata kipande cha ardhi ya Kongo cha kilometa 70 hivi kabla ya kuingia Zambia tena karibu na Mufulira. Hadi mwaka 2008, lilipokamilika daraja la Chembe lenye jina la Rais Levy Mwanawasa, palivukwa kwa pantoni. Njia nyingine, ya kupitia Samfya na Serenje, haina mpaka wa kuvuka lakini ni ndefu mno. Masomo ya mwenye kazi humdai safari kama hizo, na usiku wa kuchora baada ya mchana wa kutafuta riziki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hata hivyo faida yake ni kubwa. Elimu ya msanifu, katika nchi nyingi, huchanganya makusudi miaka ya darasani na miaka ya ofisini. Anayeacha kazi kwa miaka miwili huyasoma matatizo ya wengine. Anayebaki kazini huyapeleka chuoni matatizo ya kwao: maji ya ziwa yapandayo na kushuka, bati liwakalo joto mchana, miti inayoteketea katika tanuri za matofali. Mwalimu humsahihisha mchoro, na ukuta humsahihisha mwalimu.

Limebaki jambo la lugha. Mwezi Januari 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani Nchelenge kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Maelfu walipewa viwanja, wakajenga karibu na wenyeji, na wengi wao husema Kiswahili. Mchoro wa shahada huandikwa kwa Kiingereza. Wenyeji hujenga kwa Kibemba. Mkimbizi huomba msingi, mwimo na kizingiti kwa Kiswahili. Msanifu asiyejua maneno hayo atajenga kwa ishara za mikono, na kosa la kutoelewana halionekani mpaka ukuta umepasuka.

Walimu wenzangu, hapo ndipo penye kazi yetu. Mtambaapanya, kombamoyo, fito, kiambaza, boriti: haya ni maneno ya mafundi wazee, na wanafunzi wengi wa mijini hawayajui tena. Tukiyaacha yafe, tutalazimika kuyabuni mengine kwa taabu. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi kila mmoja wetu awapeleke wanafunzi wake, na daftari zao, mahali panapojengwa nyumba. Wamwulize fundi jina la kila kipande anachokishika, na waliandike kabla ya paa kufunikwa.