Programu Iliyovuka Mpaka Ndani ya Kitabu

Mwaka 1991 Seneti ya Marekani ilikuwa na kifungu mezani cha kuwataka watengenezaji wa mitambo ya mawasiliano waiachie serikali njia ya kusoma ujumbe wa watu. Phil Zimmermann, mtaalamu wa kompyuta huko Boulder, Colorado, akaharakisha kazi aliyokuwa nayo mkononi. Juni akaitoa bure: PGP, programu ya kuifunga barua pepe kwa fumbo ambalo mwandikiwa peke yake ndiye mwenye ufunguo wake.

Haukupita muda, PGP ikavuka bahari. Balaa! Kisheria, mafumbo yenye nguvu kiasi hicho yalihesabiwa pamoja na silaha, na kuyapeleka nje bila kibali lilikuwa kosa. Tangu 1993 Zimmermann akachunguzwa.

Mwaka 1995 kampuni ya uchapaji ya MIT Press ikauchapa msimbo wa programu hiyo kama kitabu. Ujanja ulioje! Faili lilikuwa silaha. Maneno yaleyale karatasini yalikuwa kitabu tu, na vitabu vina ulinzi wa katiba. Januari 1996 uchunguzi ukafungwa bila mashtaka. Mwaka uliofuata watu wa kujitolea Ulaya wakapitisha maelfu ya kurasa za toleo la tano, nalo lililochapwa kitabuni, kwenye skana, moja baada ya nyingine, wakaijenga upya programu.

Desemba 1997 kampuni ya programu ya Network Associates ikainunua kampuni ya Zimmermann. Baadaye wenye mali hao wakaacha kuchapisha msimbo wote, naye akaondoka mapema 2001. Waliokuwa na shaka na msimbo uliofichwa walishapata GnuPG, programu ya aina hiyohiyo ya Mjerumani Werner Koch, ambayo msimbo wake uliachwa wazi kwa yeyote.