Vyeo vya mashetani: nani aliwapa?

Katika mji wetu wa Kalemie kijana anaweza kukutajia majina kumi ya mashetani pamoja na vyeo vyao: huyu mfalme, huyu jemadari, huyu askari tu. Lakini ukimuuliza jina la ngulu wa mlima wa babu yake, anakaa kimya. Majina yale ameyapata kwa sinema, kwa mahubiri ya usiku, na kwa michezo ya ordinatere na simu. Haifai kumkaripia tu. Ni vizuri tumuonyeshe wapi vyeo vile vimetoka, kwani jambo hili liko na matokeo ndani ya nyumba zetu.

1. Mashetani wa mchezo

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa kwenye meza moja. Mmoja anasimulia safari ya hatari. Wengine, kila mtu anashika nafasi ya mpiganaji, ya mchawi ao ya mwizi, na dadu zinaamua nani anashinda. Mwaka 1977 kikatoka kitabu cha viumbe wa mchezo huo. Ndani yake mashetani wanakaa katika jehanamu ya ngazi tisa. Juu kabisa ni Asmodeus. Chini yake kuna wakubwa sawa Baalzebul, Dispater na Geryon. Kisha kuna mashetani wakubwa na wadogo wa namna mbalimbali, mpaka chini kabisa wanaoitwa lemure, wasio na akili wala sura. Katika matoleo ya baadaye shetani mdogo anaweza hata kupandishwa cheo akitumika vizuri, sawa karani wa kampuni. Michezo mingi ya ordinatere iliiga mpangilio huo.

Huko Marekani wazazi na makanisa walilalamika sana. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1989, mashetani waliondolewa. Mwaka 1991 walirudi na jina jipya, baatezu. Jina lilibadilika, ngazi ikabaki ile ile.

2. Mizizi ya majina

Watunga mchezo hawakuyabuni majina hayo. Tuyaangalie moja moja.

Asmodeus ni yule wa kitabu cha Tobiti, aliyeua waume saba wa Sara. Pale anaitwa pepo mbaya tu. Hakuna aliyemwita mfalme wa jehanamu. Baalzebul anatokana na Baal-Zebubu, mungu wa mji wa Ekroni katika kitabu cha Wafalme. Katika Injili amekwisha kuitwa mkubwa wa pepo. Maana yake, mungu wa jirani ameshushwa akawa shetani. Dispater alikuwa mungu wa wafu kwa Waroma. Geryon ni jitu la miili mitatu katika hadithi za Wagriki. Hata lemure ni jina la Kiroma: ni roho za wafu wasiotulia. Kila mwaka, mwezi wa tano, baba wa nyumba aliamka usiku akatupa maharagwe meusi ili waondoke.

Na ngazi zenyewe? Kwanza zilikuwa za malaika. Karibu mwaka 500 mwandishi mmoja Mkristu, aliyejiita Dionisi, alipanga malaika katika makundi tisa. Mwanzo wa karne ya 14 Dante, mshairi wa Italia, alichora jehanamu ya mizunguko tisa. Mwaka 1577 mganga Johann Weyer alitoa orodha ya mashetani 69, pamoja na vyeo vyao: mfalme, duka, konte, na hesabu ya majeshi ya kila mmoja. Baël peke yake alihesabiwa na majeshi 66. Ulaya ya siku zile ilitawaliwa na wafalme, maduka na makonte, basi jehanamu nayo ikapata hao hao.

Weyer mwenyewe hakuiamini orodha hiyo. Aliitoa ili watu waone upumbavu wake. Tangu mwaka 1563 alikuwa akiandika kwamba wanawake wazee waliochomwa moto juu ya ulozi walikuwa wengi wao wagonjwa, na wanahitaji dawa. Lakini waliokuja nyuma yake walichukua orodha, wakaacha onyo lake.

3. Mpangilio wa wazee wetu

Sasa turudi kwetu. Watabwa wa Moba na wa kusini ya Kalemie walimjua Leza, Mungu muumba. Chini yake walijua roho za namna tatu. Ngulu ni roho ya mahali: iko na mlima wake, pango lake ao chemchemi yake, na mara nyingi inahusishwa na nyoka. Mizimu, wengine wanasema mipasi, ni wazee wa ukoo waliokufa; wanaombwa uzazi na uwindaji mwema. Kisha kuna kibanda, wingi vibanda, na hapa hatusemi kibanda cha nyasi: ni roho mbaya ya mtu, kwa mfano mlozi, aliyekufa bila kupata pahali pa kutulia. Mroma wa zamani angemtambua mara moja: ni lemure wake.

Angalia vizuri mpangilio huu. Ni wa ukoo na wa udongo, hauko wa jeshi. Sijasikia mzee hata mmoja akisema kwamba ngulu wa mlima huu anamupa amri ngulu wa mlima ule, ao kwamba vibanda wako na jemadari. Na siasa ilikuwa vile vile: masultani wa Watabwa walikuwa wengi, kila mmoja na udongo wake.

Kwa Waluba, waliokuwa na ufalme mkubwa, mambo ni mengine. Mfalme akifa, mji wake unakuwa kitenta, na mwanamke anayeitwa mwadi anashika roho yake. Watu wanakuja kumuuliza shauri sawa vile mfalme angali hai. Hapa roho inafuata kiti cha ufalme. Hivi, iwe Ulaya, iwe kwa Waluba, iwe kwa Watabwa, watu wanachora inchi ya roho kwa mfano wa utawala wanaoujua.

4. Ngulu anakuwa shetani

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Ujiji walivuka ziwa mpaka Mtowa, karibu na Kalemie ya leo. Walileta Kiswahili, na ndani yake maneno jini na shetani. Kwa Waislamu si kila jini ni mbaya. Korani yenyewe, sura ya 72, inataja majini waliosikia neno la Mungu wakaamini. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, ambacho Storms alikianzisha mwaka 1883. Walifundisha kwa Kiswahili, na adui wa Mungu wakamwita Shetani. Lakini pole pole ngulu na mizimu nao wakaanza kuhesabiwa upande wake. Yaliyompata mungu wa Ekroni yakampata na ngulu wa milima yetu.

Sisemi haya ili kumshitaki mtu. Stefano Kaoze, mtoto wa inchi hii, padri wa kwanza Mkongomani, aliyepewa upadri mwaka 1917, alikwisha kuandika kwa Kifaransa tangu mwaka 1910 juu ya mawazo ya Wabantu. Alikuwa Mkristu kamili, na hakuona haya kueleza namna wazee wake walivyofikiri.

5. Askari mdogo

Siku hizi ngazi imerudi, na imefika mbali. Katika mahubiri mengine tunasikia juu ya malkia anayekaa chini ya maji, majemadari wake, na wakubwa wa kila eneo la mji. Wasikilizaji wanaogopa. Lakini hakuna mtu anayeweza kumushika malkia wa chini ya maji. Jeshi likiwa na majemadari, sherti liwe na askari, na askari huyo wanamtafuta karibu, ndani ya nyumba. Wanamkuta yatima aliyeletwa na shangazi, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto wa mke wa kwanza. Anaitwa mlozi, ananyimwa chakula, anafukuzwa.

Kijana anayecheza na dadu anajua kwamba akiinuka mezani mchezo umekwisha. Mtoto aliyeitwa mlozi hana pa kuinukia. Ndiyo maana Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamupa mwenye kufanya hivyo kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 pamoja na faini.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, mtu akikuja kutupangia vyeo vya mashetani, tumuulize kwa upole: cheo hiki umekipata katika kitabu gani? Hakiko katika Tobiti. Hakiko kwa wazee wa Moba. Kama amekwisha kutaja na jina la mtoto, tusingojee mahubiri yaishe: tumtoe mtoto pale, tumpeleke kwa ndugu anayemupenda, na tupeleke habari kwenye ofisi ya Mambo ya Jamii.