Tiki Kwenye Kisanduku: Historia ya Faini za Matibabu ya Meno ya Bure England

Faini anayotozwa mgonjwa wa England kwa kudai matibabu ya meno ya bure bila kustahiki iliingia kwenye sheria mwaka 1999. Chanzo chake ni cha zamani zaidi. Pasipo ada hakuna msamaha wa ada, na pasipo msamaha hakuna wa kuudai isivyo haki. Kwa hiyo historia yake inaanzia pale Uingereza ilipoacha kuwatibu watu wote meno bila malipo, miaka mitatu tu baada ya kuanza kufanya hivyo.

Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, ilifungua milango tarehe 5 Julai 1948, chini ya Waziri wa Afya Aneurin Bevan. Kuziba jino, kung'oa na kuwekewa meno ya bandia vyote vilikuwa bure. Waliofurika kwa madaktari wa meno walileta madhara ya miaka mingi, kwa maana kabla ya hapo familia nyingi za wafanyakazi zilivumilia jino bovu mpaka likawa la kung'olewa tu. Katika baadhi ya jamii za Uingereza ilionekana busara kumng'oa msichana meno yote kabla ya harusi na kumwekea ya bandia, ili mume asije kubebeshwa gharama hizo baadaye. Hata mwaka 1968, NHS ikiwa na miaka 20, utafiti wa kitaifa ulikuta asilimia 37 ya watu wazima wa England na Wales hawana jino lao hata moja. Haishangazi kwamba makadirio ya bajeti ya 1948 hayakufua dafu.

Mwaka 1951 serikali ilikuwa ikitafuta fedha za kujiimarisha kijeshi wakati wa vita vya Korea. Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, akatangaza kwamba watu wazima watachangia karibu nusu ya gharama ya meno ya bandia, na pia watalipia miwani. Bevan, ambaye wakati huo alikuwa amehamishiwa Wizara ya Kazi, alijiuzulu Aprili 1951 pamoja na Harold Wilson na John Freeman. Kiasi kilichogombewa kilikuwa kidogo mno kando ya bajeti ya silaha. Kilichomkera Bevan ni kanuni, kwamba mlango ukishafunguliwa hautafungwa tena. Hapo aliona mbali. Mwaka uliofuata serikali ya Winston Churchill iliongeza ada ya hadi pauni 1 kwa matibabu ya kawaida ya meno. Wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga na vijana wa chini ya miaka 21 walisamehewa ada hiyo. Tangu hapo kila mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha daktari wa meno alikuwa ama mlipaji ama msamehewa.

Ada zilipanda na kubadilishwa mara nyingi katika miongo iliyofuata. Badiliko lililohisiwa na wengi lilikuja Januari 1989, pale hata kuangaliwa meno tu kulipoanza kulipiwa. Kufikia 2005 mgonjwa alilipa asilimia 80 ya gharama, mwisho pauni 384. Aprili 2006 utaratibu huo ukafutwa na kuwekwa madaraja matatu: pauni 15.50 kwa uchunguzi, 42.40 kwa kuziba au kung'oa, na 189 kwa kazi kubwa kama meno ya bandia. Kufikia Aprili 2025 viwango hivyo vilikuwa 27.40, 75.30 na 326.70.

Orodha ya waliosamehewa nayo ilizidi kuwa ngumu. Umri na ujauzito ni mambo ambayo mtu anayajua mwenyewe. Kipato sivyo, kwa kuwa kinapimwa kwa kupitia ruzuku za serikali, na ruzuku hizo hubadilishwa majina na masharti kila baada ya miaka kadhaa. Mgonjwa akifika mapokezi hupewa fomu yenye visanduku, kila kimoja na sababu yake ya msamaha. Huweka tiki panapomhusu, huandika tarehe na kutia saini kwamba aliyoyasema ni kweli. Karani anaweza kuomba kuona ushahidi, lakini asipoonyeshwa matibabu huendelea. Jukumu la kujua nani anastahiki lilikuwa limewekwa juu ya mtu aliyekuja akiwa ameshika shavu.

Kabla ya 1999, aliyedanganya angeweza kushtakiwa kwa jinai au kudaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote, lakini hakuna aliyeona faida ya kwenda mahakamani kwa pauni chache. Serikali ya Labour iliyoingia madarakani 1997 ilishughulishwa zaidi na udanganyifu katika maduka ya dawa, na meno yakajumuishwa humo humo. Sheria ya Afya ya 1999 iliingiza kifungu kipya katika sheria ya NHS ya 1977, na kanuni zake zikaanza kutumika mwaka huo huo. Leo masharti hayo yako katika kifungu cha 193 cha Sheria ya NHS ya 2006. Hesabu ni hii: mgonjwa hulipa ada aliyoikwepa, kisha faini ya mara tano ya ada hiyo isiyozidi pauni 100, na akichelewa huongezwa nusu ya faini, yaani hadi pauni 50. Ukomo wa pauni 100 haukuguswa huku ada zikipanda, na matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 2006 aliyekwepa ada ya uchunguzi alistahili faini ya pauni 77.50. Tangu 2017, ada hiyo ilipofika pauni 20.60, mara tano yake inavuka 100, hivyo aliyeangaliwa meno tu na aliyetengenezewa meno ya bandia hutozwa faini ile ile.

Kwa miaka mingi notisi za kudai faini hizo hazikuwa jambo la kuzungumzwa sana. Hali ilibadilika 2014, ukaguzi wa madai ya msamaha ulipokabidhiwa kwa NHSBSA, taasisi inayoendesha malipo ya NHS, ikaanza kulinganisha madai na kumbukumbu za ruzuku kwa kompyuta na kwa wingi. Barua zilifika majumbani miezi kadhaa baada ya jino kuzibwa. Mei 2019 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu ilitoa taarifa yake: tangu 2014 zilikuwa zimetolewa notisi milioni 5.6, za dawa na za meno kwa pamoja, zenye thamani ya pauni milioni 676. Zilizokusanywa ni milioni 133. Notisi milioni 1.7, takriban asilimia 30, zilifutwa baada ya wagonjwa kupinga na kuonekana kwamba walistahiki tangu mwanzo. Mtego unaokamata wasio na hatia kwa kiasi hicho una kasoro katika utengenezaji wake, na kamati ya bunge inayosimamia matumizi ya fedha za umma iliukosoa utaratibu huo vikali mwaka huo huo.

Makosa mengi yalizalishwa na masharti yenyewe. Mtu wa miaka 60 hupata dawa bure na kupimwa macho bure, lakini meno analipia. Hati ya msamaha wa dawa kwa mgonjwa wa kisukari haifai kitu kwa daktari wa meno. Pension Credit ya wazee ina sehemu mbili, na moja tu ndiyo inayosamehe. Ruzuku ya wasioweza kufanya kazi kwa ugonjwa humsamehe anayeipata kwa sababu ya kipato, lakini si anayeipata kwa michango yake ya bima, ingawa wote wawili huitaja kwa jina lile lile. Universal Credit, iliyoanza 2013, haitoshi peke yake: mapato ya mwezi uliopimwa yasizidi pauni 435, au 935 kwa mwenye mtoto au mwenye ugonjwa unaomzuia kufanya kazi. Fomu ya dawa ilikaa miaka bila kuwa na kisanduku cha ruzuku hiyo. Wahamiaji nao, wakiwamo wa kutoka Afrika Mashariki, wakisha kulipa ada ya afya inayoambatana na viza, huenda wakadhani meno yamo ndani yake. Kumbe ada ya meno hulipwa vilevile.

Anayepokea notisi ana njia kadhaa. Mwenye hati halali au uthibitisho wa ruzuku iliyokuwepo siku ya matibabu huutuma, na notisi hufutwa yote. Aliyekosea kweli hutakiwa kulipa ndani ya siku 28 ili kuepuka nyongeza, na anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Katikati kuna kinga ambayo wengi hawaijui: sheria inasema faini haitamhusu anayeonyesha kwamba hakutenda isivyo haki wala kwa uzembe, ingawa ada yenyewe atailipa. Aliyejaziwa fomu na mtu mwingine, au aliyeelekezwa vibaya, ana hoja hapo. Asiye na uhakika hufanya vizuri kulipa, kuchukua risiti na kudai marejesho ndani ya miezi mitatu, kwa maana dai hilo likikataliwa halizai faini.

Kwingineko Uingereza mambo yamekwenda njia nyingine. Scotland ilifuta ada ya uchunguzi wa meno 2006, na tangu Agosti 2021 walio chini ya miaka 26 hutibiwa meno bure. Wales, Ireland ya Kaskazini na Scotland zilifuta ada ya dawa mwaka 2007, 2010 na 2011, hivyo huko hakuna tena cha kukagua kwenye dawa.