Jicho na Kipimo: Kumbukumbu ya Kituo cha Jiometri cha Minneapolis

Anayesimama katikati ya reli huona vyuma vyake viwili vikisogeleana hadi vikakutana upeoni. Fundi aliyevitandika anajua kuwa havikutani kamwe. Vingekutana, treni ingeanguka. Je, mchoraji afuate ushahidi wa jicho au wa kipimo?

Swali hilo ni la kale. Mwaka 1435, Leon Battista Alberti wa Italia aliandika kanuni za kuchora kama jicho lionavyo. Kwa kanuni hizo, kitu kikiwa mbali mara mbili, huchorwa kwa nusu ya ukubwa. Mwaka 1822, William Farish wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alieleza njia tofauti ya kuchora mashine: mistari sambamba hubaki sambamba, na pande tatu kuu hupimwa kwa kipimo kimoja.

Karne ya 20 ilipokaribia kumalizika, swali hilo lilikuwa limehamia kwenye kompyuta. Mjini Minneapolis, Marekani, Kituo cha Jiometri cha Chuo Kikuu cha Minnesota kiliwakutanisha wanahisabati na waandishi wa programu. Mwaka 1994 kilitoa filamu iitwayo Outside In, inayoonyesha jinsi tufe linavyoweza kupinduliwa, ndani ikawa nje, bila kuchanika wala kufanya kunyanzi kali, mradi uso wake uruhusiwe kujipenya.

Katika kazi ya namna hiyo, picha ikipotosha, hoja nayo hupotea. Mchemraba wa nyaya ukichorwa kwa mistari sambamba, jicho hushindwa kujua uso upi uko mbele, kama alivyoeleza Louis Albert Necker wa Uswisi mwaka 1832. Ukichorwa kama jicho lionavyo, mbele na nyuma hubainika, lakini pande zilizo sawa huonekana hazilingani.

Geomview, programu iliyoandikwa kituoni hapo kati ya mwaka 1992 na 1996, haikuegemea upande mmoja. Kwa amri fupi, mtumiaji aliweza kuligeuza umbo lile lile kutoka mtazamo mmoja hadi mwingine.

Kituo hicho kilifungwa mwaka 1998, lakini Geomview ilibaki, ikitolewa bila malipo. Ndani yake limebaki pia jibu la wataalamu wa Minneapolis: atakaye kulijua umbo na alitazame mara mbili, kwanza kwa jicho, kisha kwa kipimo.