Mdomo uliponza kichwa: kisa cha Cambridge Analytica

Bumu halijatoka, testi zimeisha, basi leo tupige stori ya kampuni. Nusu ya washkaji hapa chuo wanasema wakimaliza watafungua kampuni ya ushauri: laptop moja, kadi za biashara, suti, kazi imeanza. Sasa sikieni hii.

Cambridge Analytica ilianzishwa 2013 kama mtoto wa SCL, kundi la Uingereza lililokuwa likiuza ushauri kwa majeshi na wanasiasa. Hela aliweka Robert Mercer, bilionea wa Marekani. Bosi alikuwa Alexander Nix, aliyesoma Eton, mtanashati, mwongeaji balaa. Alichokuwa anauza ni kwamba anaijua tabia ya mpiga kura mmoja mmoja, na anajua ujumbe gani utamgusa.

Data walizipataje? Mwaka 2014 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Aleksandr Kogan, alitengeneza programu ya maswali ya tabia kwenye Facebook. Walioitumia ni kama 270,000 tu, lakini ilizoa na habari za marafiki zao. Facebook wenyewe walikuja kukadiria hadi watu milioni 87. Yaani wewe hujajibu chochote, rafiki yako kajibu, na umo!

Trump aliposhinda 2016, Nix alijisifu dunia nzima, wateja wakaja. Na hapo ndipo mtego ulipowakuta. Mwandishi wa Channel 4 alijifanya wakala wa tajiri wa Sri Lanka, akakaa nao hotelini London na kamera ya siri. Nix akamwaga yote: hongo za kutegeshea wapinzani, wasichana wa kutumwa nyumbani kwa mgombea. Mwenzake Mark Turnbull akatamba kuhusu Kenya: chama kimebadilishwa sura mara mbili, ilani wameandika wao, watu 50,000 wamehojiwa, tena kwa awamu mbili. (Jubilee walijibu kwamba SCL iliwafanyia kazi ya chapa tu.)

Machi 17, 2018 magazeti ya Observer na New York Times yakatoa habari za data, kwa ushuhuda wa mfanyakazi wao wa zamani, Christopher Wylie. Siku chache baadaye video ikarushwa, Nix akasimamishwa. Mei 2 kampuni ikatangaza kufunga, ikisema wateja karibu wote wamekimbia. Siku 46 tu jamani! Hakuna mahakama iliyoamuru wafunge.

Kinachonichekesha, japo si kicheko kizuri, ni cha 2020. Mamlaka ya data ya Uingereza ilimaliza uchunguzi ikasema mbinu zao nyingi zilikuwa za kawaida, zinazopatikana popote, na ndani ya kundi lenyewe kuna waliotilia shaka usahihi wake. Kwa hiyo ule uchawi ulikuwa maneno ya kuuzia. Data za watu, hizo zilichukuliwa kweli.

Nix alifungiwa ukurugenzi wa kampuni miaka 7. Facebook walipigwa faini ya dola bilioni 5 mwaka 2019. Kenya ilipitisha sheria yake ya data Novemba 2019, sisi tukafuata 2022.

Wakenya mnaopita hapa, hebu nambieni: kuna mtu nyumbani kwenu aliyewahi kuhojiwa kabla ya uchaguzi wa 2013 au 2017? Aliambiwa majibu yake yanaenda kwa nani?