Karati Inavyopotea

Mshikaji wangu mmoja alinunua pete ya uchumba, akaja nayo anachekelea. Ndani imeandikwa 18K. "Almasi ya karati kumi na nane, bwana!" Nikanyamaza. Almasi ya karati 18 ina uzito wa gramu 3.6, na kwa bei yake angeuza ukoo mzima na deni lisingeisha. Ile 18 ni ya dhahabu: sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, nyingine madini ya kuchanganyia. Karati ya almasi ni uzito. Neno moja, mambo mawili, na hapo ndipo watu wanapoliwa.

Neno lenyewe limetoka kwenye mbegu. Kandokando ya bahari ya Mediterania kuna mti wa kharubu. Wagiriki waliita mbegu yake keration, Waarabu wakasema qirat. Wafanyabiashara waliitumia kupimia vito wakiamini mbegu zote zina uzito sawa. Kumbe wapi! Watafiti walizipima, na mwaka 2006 wakatangaza kwamba zinatofautiana kama mbegu za miti mingine tu. Basi kila mji ukawa na karati yake. Ya London ilizidi kidogo miligramu 205, ya Florence haikufika 200. Ukinunua huku na kuuza kule, unapata au unakosa njiani. Mwaka 1907 ndipo ilipokubaliwa karati iwe miligramu 200 kamili.

Sasa njoo Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi ulioanzishwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5, yaani gramu 10.9 hivi. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, zawadi ya harusi. Lilipochongwa London mwaka 1948, zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na vumbi! Baadaye likawekwa katikati ya ua la kubandika kifuani. Jiwe la Shinyanga hilo, ndugu msomaji, na wengi wetu tumeliona pichani tu.

Mchongaji, basi, kila siku anachagua: mng'ao au uzito. Karati 1 kamili ni ghali kuliko mbili za nusu nusu, maana mawe makubwa ni adimu. Kwa hiyo wapo wanaoliachia jiwe kitambi kwa chini ili mizani isome 1.00. Ukilitazama juu, dogo. La duara lililochongwa vizuri huwa na upana wa milimita 6.5 hivi; la karati 2 hufika kama 8.2, si 13.

Mshikaji alienda kupimisha. Pointi 15, na pointi 100 ndizo karati moja. Mchumba anaivaa mpaka leo, na bado hajaambiwa.