Kafi, tanga na usukani: namna ya kuongoza mtumbwi mdogo katika Ziwa Tanganyika

Tukisema juu ya mila za watu wa ziwa, tunataja nyavu, samaki na nyimbo za wavuvi. Mtumbwi wenyewe tunauacha pembeni, sawa vile ulijitengeneza peke yake. Katika kurasa hizi tunapenda kuuliza jambo moja tu: namna gani mtu mmoja au wawili waliweza kuongoza mtumbwi mwembamba wenye tanga, wakati upepo wa kusini unavuma? Jambo linaonekana dogo. Lakini ndani yake kuna elimu ya mafundi wa huku na elimu ya mabaharia wa pwani, na zote mbili zinaanza kutuponyoka.

Wakati wa kafi

Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilometa 650, nalo limebanwa katikati ya milima. Kwa ile sababu upepo wa kusini wa kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, unapata njia ndefu ya kuinua mawimbi. Miti ya kuchonga mitumbwi ilitoka sana upande wetu wa magharibi, katika misitu ya mivule ya Ugoma, na mitumbwi ikavuka mpaka Ujiji. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji katika mwezi wa pili 1858. Katika mwezi wa nne wakaenda Uvira kwa mitumbwi miwili. Ule mkubwa ulikuwa na urefu wa futi 60, ni kusema karibu metre 18, lakini upana wake ulikuwa futi 4 tu, metre moja na kidogo.

Tuangalie hizo hesabu. Chombo kirefu na chembamba namna hiyo kinapenda kwenda moja kwa moja, kugeuka hakipendi. Kwa mtumbwi wa watu wengi haikuwa shida. Wa upande mmoja wanavuta kwa nguvu zaidi, wa upande wa pili wanapunguza, na yule wa nyuma anatumbukiza kafi lake na kulishikilia. Mikono mingi ndiyo ilikuwa usukani.

Shida iko kwa mtumbwi mdogo, na inazidi ukiweka tanga. Tanga linasukuma, hakuna tena wapigaji wa pande mbili, na kazi yote ya kuongoza inabaki kwa kafi moja la nyuma. Tena mtumbwi wa gogo hauna mkuku, ule mti wa chini unaoshika maji. Upepo ukitoka ubavuni, mtumbwi unaenda mbele na kuteleza pembeni kwa wakati mmoja. Mwenye kafi anakaza mkono mpaka bega linachoka, na mbele ya kufika anakuwa ameishiwa nguvu.

Usukani unaingia ziwani

Katika mwezi wa tatu 1858 Speke alivuka ziwa mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ng'ambo yetu, kutafuta kukodi dau la mfanyabiashara mmoja Mwarabu. Hakulipata. Lakini safari hiyo ya bure inatufundisha kitu: mbele ya Wazungu kuleta chombo chao hapa, chombo cha namna ya pwani kilikuwa tayari majini. Pamoja na misafara ya biashara walikuja watu wa pwani, na maneno yao yakaja nao: tanga, mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), usukani, na kana, yaani ule mpini wa usukani.

Nyuma yake vyombo vikaongezeka. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alizunguka upande wa kusini na vyombo viwili, Betsy na Pickle, na katika mwezi wa tano akafika mahali mto Lukuga unapotokea ziwani. Mwaka 1876 Stanley alizunguka ziwa lote kwa siku 51 ndani ya Lady Alice, mashua iliyobebwa vipande vipande toka pwani. Kiongozi wa mabaharia wake aliitwa Uledi, na ni yeye aliyeendelea na mashua hiyo katika mto wetu mkubwa mwaka 1877. Vitabu vinamtukuza bwana wa safari. Mikono iliyofanya kazi majini ilikuwa ya watu kama Uledi.

Mtu mwingine wa kukumbuka ni Edward Hore, baharia wa kazi, aliyefika Ujiji mwaka 1878 pamoja na misioni ya London. Kabla mashua yao ya chuma, Morning Star, haijaingia majini mwaka 1883, alitumia chombo cha gogo alichokiandaa kwa tanga, akakiita Calabash. Huyu alijua meli za bahari, na hata vile hakulidharau gogo.

Si usukani peke yake

Hapa ndipo watu wanakosea. Wanafikiri kwamba ukifunga usukani nyuma ya mtumbwi, mambo yamekwisha. Kumbe usukani ni wa mwisho. Kama mtumbwi unataka kila mara kugeukia upepo, utashika kana kwa nguvu, ule ubao utakaa kingamo ndani ya maji, na utakuwa breki. Mtumbwi utapunguza mwendo na mkono utauma bure.

Kwanza ni mzigo. Pua ikizama sana, inashika maji, mkia unasukumwa na upepo, na mtumbwi unageukia upepo. Sukuma mzigo kidogo nyuma, utatulia. Kama kinyume chake unakimbia upepo, leta mzigo mbele kidogo. Mabaharia wa pwani huita uzito wa kutuliza chombo farumi; kwetu farumi ni gunia la muhogo, au mtu mwenyewe anayesogea.

Pili ni tanga. Tanga likikaa nyuma sana, nalo linageuza pua kwenye upepo. Mlingoti ukisogezwa mbele kidogo, mkono unapata raha. Tanga likiwa kubwa kupita kiasi, mtumbwi unalala upande mmoja, na mtumbwi uliolala unapenda kugeukia ule upande ulioinuka. Kwa hiyo upepo ukizidi, punguza tanga mbele ya kukaza usukani.

Tatu ndio usukani. Ubao unaoshuka chini ya mtumbwi unashika maji vizuri kuliko ubao mpana unaokaa juujuu, maana wimbi likiinua mkia, ule wa juu unabaki hewani. Lakini lazima uweze kuinuliwa, kwa sababu tunafikia kwenye mchanga na mawe. Kana ndefu inapunguza uzito wa mkono. Na kama sehemu ndogo ya ubao, tuseme moja ya tano, iko mbele ya mhimili wake, maji yenyewe yanasaidia kugeuza.

Elimu hii si ya ziwa letu tu. Kayaki, chombo chembamba cha Wainuit wa nchi za barafu, Wazungu walikifanya cha kukunja na kukitia tanga, na usukani wakaufunga kwa kamba mpaka miguuni ili mikono ibaki huru kwa kafi na kamba ya tanga. Daktari Mjerumani Hannes Lindemann alivuka bahari ya Atlantiki mwaka 1955 katika mtumbwi wa gogo la mti wa Afrika uliochongwa Liberia, na mwaka 1956 akarudia katika kayaki ya kukunja, siku 72. Gogo na kayaki vilimpa shida za ndugu: chombo chembamba, tanga, na mtu mmoja wa kuongoza.

Ni mila ya nani?

Wengine watasema usukani ulikuja na wageni, basi si mila yetu. Sisi hatukubali. Usukani wa dau ulitengenezwa kwa chombo kizito chenye mkuku. Kuufanya ufae gogo jembamba la mvule, kulihitaji mtu anayejua gogo: linazama wapi, linalala namna gani, mzigo ukae wapi. Wa pwani alileta chombo cha kuongozea, wa huku alileta mizani. Mmoja bila mwingine asingefika mbali.

Leo mota zimejaa, na mafuta ni ghali. Mota ikizimika katikati ya ziwa, kinachobaki ni kafi, kipande cha turubai na akili ya aliyekaa nyuma. Kama hajui kusogeza mzigo, turubai litamgeuza ubavu kwa wimbi, na hapo watu wanakufa. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wawatume wanafunzi kwa wazee, waandike majina ya kila sehemu ya mtumbwi kwa Kivira, Kibembe, Kiholoholo na Kitabwa, na waandike pia zile amri fupi ambazo mzee wa nyuma alimpa kijana wa mbele upepo ulipozidi. Wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka.